Kirungu cha Ngoma Kubwa

Chumba cha Mashine, Sinema
2 Mei

Mpwa wangu,

Kwa kuwa jana uliikata simu nikiwa katikati ya sentensi, nimeamua kukuandikia. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini hata hapo utakuwa umeishika.

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Sinema imeuzwa. Mnunuzi anaifanya ghala la magodoro, na sina ugomvi naye, maana miaka saba hii ya mwisho watu walikuwa wakija humu kulala tu. Mimi niliyeendesha mashine ya kuonyeshea filamu kwa miaka thelathini na minne nimepewa hadi tarehe 30 Juni niondoe kilicho changu. Kilicho changu ni santuri mia nne na kumi na mbili za muziki wa filamu, zote za okestra, pamoja na kadi zake. Mama yako amenipa chumba chenye kitanda na kabati moja. Kabati limejaa mapazia, na dada yangu hajawahi kutupa pazia.

Nasikia wewe ni mjumbe wa wanafunzi katika Kamati ya Maktaba ya chuo. Kinachotakiwa ni ukuta mmoja mkavu na mtu wa kusema neno. Mkutubi Mkuu nimekwisha kumwandikia. Anasema kamati ina watu watano, wawili wanataka, wawili hawataki, na kikao ni tarehe 20 Mei. Wewe ndiye wa tano.

Sikuombi upende. Nakuomba useme. Hilo la pili umelifanya bila kuombwa tangu ukiwa na miezi tisa.

Mjomba wako


Bweni la Pili, Chumba 27
6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo ni ya mama, aliyenilea. Yanayofuata ni yangu.

Ombi lako nimelisoma mara mbili, kwanza kwa heshima, kisha kwa akili, na wasomaji hao wawili hawakuafikiana. Chuo hiki kimewafukuza wafagiaji kumi na wanne kwa karatasi moja iliyobandikwa getini, bila barua, bila sababu, bila hata aibu ya kutumia gundi nzuri. Mimi na wenzangu tunawapigania. Na katikati ya vita hivyo unaniomba nikapiganie ukuta mkavu, ili wapumzike juu yake watu themanini waliovaa tai, waliopuliza na kukwaruza siku nzima ili mtu mmoja kwenye pazia la sinema ambusu mwenzake.

Unajua unachokusanya? Unakusanya fremu bila picha. Mwenye filamu ana kisa, hata kiwe cha kipuuzi. Wewe umekitupa kisa ukabaki na kelele iliyokuwa ikikisindikiza. Na kelele hiyo kazi yake ni moja: kumshika mtazamaji kisogo na kumwelekeza, hapa lia, hapa ogopa, hapa samehe. Muziki wa filamu ni kibaraka. Hauna wazo lake mwenyewe. Unabeba begi la wazo la bwana mkubwa. Okestra inayopigwa chini ya maneno ni wakili aliyekodiwa na hoja dhaifu. Hoja yenye nguvu haihitaji fidla. Hiyo ndiyo kanuni yangu. Iandike kwenye mojawapo ya kadi zako.

Nilipokuwa na miaka minane ulinikalisha kwenye stuli, chumba hichohicho cha mashine, Jumamosi nzima, kidole mdomoni, nisikilize filimbi ya marehemu fulani ikimlilia mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Nilipouliza analia nini, ulisema, "Nyamaza, anavuta pumzi." Nilinyamaza siku ile. Nimekuwa nikilipiza tangu hapo.

Nitasema neno, Mjomba. Siahidi ni neno gani.

Mpwa wako


Chumba cha Mashine
10 Mei

Mpwa wangu,

Umeisoma barua yangu kama mnavyosoma vitabu huko chuoni: umetafuta pa kupinga, ukapapata, ukafunga.

Kuhusu kibaraka, sawa. Miaka thelathini na minne nimewatazama watu kwa kitundu cha ukubwa wa kiganja, na najua saa ngapi wanatoa leso. Fidla zikiingia, leso zinatoka. Nimeona wanaume walionyang'anya wajane mashamba wakimlilia mjane wa kwenye pazia. Hukuwa wa kwanza kuudharau muziki huu. Mimi nilikutangulia kabla mama yako hajaolewa. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliudharau kwa kuusikiliza.

Sikusanyi nyimbo. Ungesoma kadi moja tu kabla ya kuandika kurasa tatu, ungejua. Okestra ni watu themanini waliolipwa wajifanye mtu mmoja. Kila santuri ina mahali ambapo hilo linawashinda. Kiti kinalia. Mtu anafungua ukurasa mapema. Mpiga selo anavuta pumzi kabla ya noti ngumu, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Mimi nakusanya hapo. Kila santuri ina kadi, kila kadi ina dakika na sekunde ya kosa, na chini kabisa nimeandika moja ya hukumu mbili: "Inahifadhiwa" au "Takataka". Santuri isiyo na kosa ni takataka. Ninazo tano, nimeziweka chini ya mguu wa meza.

Nakutumia namba 88 na kadi yake. Ni muziki wa filamu iitwayo *Mjane wa Stesheni*, filamu ya hovyo. Upande wa pili, kipande cha tatu: mjane anatembea hadi mwisho wa jukwaa na treni imekwisha kuondoka. Dakika ya pili na sekunde ya arobaini na moja mpiga ngoma kubwa anaangusha kirungu chake. Sakafu ni ya mbao, utakisikia. Mwongoza okestra hasimamishi, na mpiga ngoma hasimami: mapigo matatu yanayofuata anayapiga kwa kiganja kitupu. La nne ni la kirungu tena, kuna aliyemwokotea. Nimemfikiria mtu huyo kuliko ninavyowafikiria baadhi ya ndugu zangu.

Isikilize kabla ya tarehe 20. Kisha sema utakalo.

Mjomba wako


Bweni la Pili, Chumba 27
21 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Kikao kilikuwa jana. Kura: tatu dhidi ya mbili. Ya tatu ilikuwa yangu.

Sikukuonea. Nilizungumza dakika kumi na moja na hakuna aliyenikatiza, hata Mkutubi Mkuu, ambaye hukatiza hata saa ya ukutani. Nilisema maktaba si dari ya kutupia vya wazee. Nilisema mkusanya makosa ya wanamuziki ni sawa na mtu anayekwenda shuleni kukusanya vifutio. Wajumbe walicheka. Niliwasomea kadi yako ya namba 88 kwa sauti, wakacheka zaidi, na mmoja aliuliza kama mpiga ngoma alilipwa mshahara kamili.

Naam, niliisikiliza. Rafiki yangu wa uhandisi ana gramafoni aliyoiunda upya mwenyewe. Kirungu kilianguka kama ulivyoahidi. Nilipiga miayo. Nilichokisikia ni kibaraka mwenye mkono dhaifu.

Sitakuficha ninavyokuona, kwa kuwa tumekubaliana kutofichana. Nakuona kama mtu aliyejifungia kwenye chumba cha juu maisha yake yote, akawatazama wenzake kwa kitundu, akaandika sekunde. Nje watu walifukuzwa kazi, walipigwa, walizika. Wewe ulikuwa ukisubiri kiti kilie. Masikio yako yamekufa siku nyingi, Mjomba. Kilichobaki ni mkono unaogeuza santuri.

Magodoro ni heri. Angalau yanambeba mtu.

Mpwa wako


Chumba cha Mashine
25 Mei

Mpwa wangu,

Nimepokea.

Kuhusu masikio, sina la kubisha.

Rudisha namba 88. Jalada lake limebaki huku, na santuri bila jalada hupata baridi. Ifunge kwa kitambaa, isiwe taulo.

Mjomba wako


Bweni la Pili, Chumba 27
3 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Namba 88 itachelewa kidogo. Yule rafiki wa uhandisi anaichunguza mifereji yake kwa hadubini, kwa ajili ya zoezi la darasani. Iko salama.

Nakuandikia kwa jambo kubwa zaidi. Wafagiaji wamerudi kazini, wote kumi na wanne. Uongozi ulitia saini jana asubuhi. Kilichowalazimisha ni mkutano wetu wa tarehe 31, uwanja wa mbele ya jengo la utawala, watu mia saba kwa hesabu ya walinzi, ambao hesabu zao hupunguza. Nilisema dakika sita. Mjomba, sijawahi kuona kitu kama kile. Wavulana wa ukumbi wa mazoezi, wenye shingo kama vinu, walifuta macho kwa mikono ya mashati. Nilipofika kwenye maneno "hatutapiga magoti", uwanja mzima ulishtuka kwa pamoja, kana kwamba ardhi imeitikia. Mzee mmoja wa idara ya historia alishika kifua.

Sikumwambia mtu alie. Niliweka ukweli mezani nikauacha uongee. Hivyo ndivyo mtu anavyomgusa mwenzake, kwa hoja, mchana kweupe, bila mtu wa kukwaruza nyuzi pembeni. Laiti ungekuwapo, ungeitupa mikusanyo yako mwenyewe.

Wenzangu wamenipendekeza niwanie urais wa serikali ya wanafunzi. Uchaguzi ni tarehe 27. Nimemtumia mama video. Mwambie akuonyeshe, kama utaweza kushuka ngazi.

Mpwa wako


Kwa mama yako, jikoni
9 Juni

Mpwa wangu,

Nilishuka ngazi.

Mama yako aliiweka simu mezani, akaiegemeza kwenye kopo la sukari, akasema, kwa midomo niliyozoea kuisoma, "Haya, mwone mwanao." Nilikuona. Ulikuwa umevaa koti la baba yako na mdomo ulikuwa ukienda. Sikusikia neno. Yakupasa kujua sasa, ingawa sikupanga kukuambia: filimbi zilinitoka miaka minne iliyopita, fidla mwaka juzi, na sauti za watu zinafuata njia hiyohiyo. Sauti za juu hutangulia kuondoka, kama wageni wenye vyeo. Zinabaki za chini, zinakusaidia kukunja viti. Siku uliyonikatia simu nilijua umekata kwa sababu mkono uliacha kuhisi mtikisiko. Santuri sitoi kwa ajili ya magodoro pekee. Natoa kwa sababu sizisikii.

Kwa hiyo niliinama nikaweka mfupa wa nyuma ya sikio la kushoto juu ya meza, mahali palipobaki pa kusikilizia. Mama yako alidhani nasinzia. Nilikaa hivyo, na meza ikanipiga ngumi moja ndogo. Kisha viganja vitatu. Kisha kirungu.

Nikamwambia dada yangu, "Rudisha nyuma." Akarudisha mara nne. Mara ya tano alisema, "Kaka, una nini?" Nilimwomba aniandikie kwenye kipande cha karatasi maneno uliyokuwa ukiyasema wakati ule. Akaandika: hatutapiga magoti.

Ardhi haikuitikia, mpwa wangu. Ni mpiga ngoma kubwa, dakika ya pili na sekunde ya arobaini na moja.

Hukupiga miayo ulipoisikiliza. Uliisikiliza hadi ukaijua sekunde kwa sekunde, kisha ukaiweka chini ya maneno yako kama mtu anayeficha jiwe ndani ya mkate. Mjane wa stesheni aliwatoa machozi wavulana wenye shingo kama vinu, nawe ukapokea pongezi kwa niaba yake. Hukusahau hata kunitumia ushahidi.

Sasa nifafanulie, maana mimi sikusoma. Uliniandikia kwamba okestra chini ya maneno ni wakili wa hoja dhaifu. Je, hoja ya wafagiaji ilikuwa dhaifu? Kama ilikuwa dhaifu, uliwadanganya watu mia saba. Kama haikuwa dhaifu, ulinidanganya mimi na watu wanne wa kamati. Chagua. Nina subira, sina santuri ya kusikiliza.

Mnunuzi amesema kitakachobaki tarehe 30 kitakwenda kwa mtu anayeyeyusha plastiki na kutengeneza ndoo. Ndoo ni kitu cha maana. Wafagiaji wako watazitumia.

Mjomba wako


Bweni la Pili, Chumba 27
13 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni yangu.

Nimeandika barua tatu za kujitetea, na zote zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonitia aibu. Ya kwanza ilithibitisha kwamba nyenzo za adui hutumiwa dhidi ya adui. Ya pili ilithibitisha kwamba umati hauwezi kusubiri falsafa. Ya tatu ilithibitisha kwamba kosa ni lako, uliyenitumia santuri. Ningeweza kuisimamia yoyote kati ya hizo mbele ya kamati na kushinda kwa kura tatu. Nimezichana. Nilipokuwa nazichana nilijiona napendeza, na hapo nikazidi kujichukia.

Hoja haikuwa dhaifu. Dhaifu nilikuwa mimi. Usiku wa kabla ya mkutano nilijifanyia mazoezi chumbani na sauti yangu ilikuwa kavu kama tangazo la maji kukatika. Nilijiwazia nikiwa mbele ya watu mia saba, ukimya wao ukinirudia usoni. Santuri yako ilikuwa kwenye gramafoni ya rafiki yangu. Tuliipitisha kwenye vipaza sauti, chini kabisa, chini kiasi kwamba tuliamini hakuna atakayesema ameisikia. Na hakuna aliyesema. Kiziwi mmoja ndiye aliyesema.

Nimeliandika neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa tarehe 21 Mei niliandika baya zaidi nikidhani ni tamathali ya usemi. Lakini na wewe sikusamehe haraka. Kwa nini hukuniambia? Ungeandika mstari mmoja, mapema Mei: mpwa wangu, sisikii. Nisingesimama pale nikiwachekesha watu kwa kadi zako. Uliuficha ukweli ukaniacha nijihukumu mwenyewe kwa kutoujua. Hiyo nayo ni hila, Mjomba, na imefanya kazi vizuri kuliko fidla.

Nimekwenda kwa Mkutubi Mkuu. Anasema kamati itafungua tena suala hili kwa sharti moja: mjumbe aliyepinga asimame aeleze, milango ikiwa wazi, kwa nini alikosea. Kikao ni tarehe 24, siku tatu kabla ya uchaguzi. Mpinzani wangu amekwisha kuuliza kama atapata kiti cha mbele.

Nitasimama.

Mpwa wako


Chumba cha Mashine
16 Juni

Mpwa wangu,

Umejiita dhaifu katika aya nzima, na aya ni nzuri sana. Chunga. Kuna watu wanaotubu kwa namna ya kuomba wapigiwe makofi.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Soma barua yako ya tarehe 6 Mei. Uliandika kwamba hoja yenye nguvu haihitaji fidla. Nilikuwa na ombi: ukuta mmoja mkavu. Ningesema kwamba mwombaji ni mzee anayezibika masikio, asiyesikia tena vitu vyake, ungelia, ungepiga kura ya ndiyo, na hungejua hadi leo kama ombi lenyewe lilifaa. Kanuni ilikuwa yako. Niliifuata. Wa kuivunja ulikuwa wewe.

Tarehe 24 usiipambe. Usinitaje masikio. Usiwataje wafagiaji kama ngao. Sema ulichofanya na ukae. Wakicheka, waache, walicheka pia mara ya kwanza na hukulalamika.

Namba 88 ije na wewe. Kwa kitambaa.

Mjomba wako


Bweni la Pili, Chumba 27
25 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Kura: nne dhidi ya moja. Santuri zako zote zinakuja maktaba, chumba cha magazeti ya zamani, ukuta wa kaskazini. Nimeugusa mwenyewe kwa kiganja. Ni mkavu. Gari la chuo litafika sinema tarehe 29 asubuhi.

Nilisoma taarifa yangu neno kwa neno, bila kusita, bila kituo, dakika nne. Masikio yako sikuyataja. Nilisema nilichowaambia tarehe 20 Mei kuhusu muziki huu, kisha nikasema nilichoufanyia tarehe 31. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Sikutazama nani na nani. Walicheka, bila shaka. Mpinzani wangu aliinuka akamwongoza mwenzake kwa kidole kama mwongoza okestra, na tangu jana nikipita korido watu wananipigia fidla za hewani. Mjumbe wa idara ya sheria alinong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba angalau sasa chuo kina mwanasiasa kamili. Keshokutwa ni uchaguzi. Sitashinda, na nawadharau watakaonishinda kwa dharau safi, isiyo na wivu. Labda wivu kidogo.

Jambo moja halikuwa kwenye taarifa. Mama anayefagia ghorofa yetu, mmoja wa wale kumi na wanne, alinisimamisha kwenye ngazi. Niliandaa uso wa kuomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, sisi tulijua. Nani unadhani alifagia pale mlipopitisha waya, ingawa kazi hatukuwa nayo?" Nikamuuliza mbona hamkusema. Akasema, "Tungesema nini? Ulikuwa unatutetea. Ila ile ngoma ilituharibia, tukakosa kusikia jina la mwenzetu ulipolitaja." Kisha akaendelea kufagia, nami nikainua miguu.

Mkutubi amekagua orodha yako, anasema santuri sitini na moja hazina kadi, ingawa uliniandikia kwamba kila moja inayo. Nadhani najua sasa kwa nini, na ni za kuanzia lini. Nitaziandika mimi. Nimeanza na namba 352, aliyoletewa kama sampuli. Sekunde ya kumi na nane kuna mtu anafungua kitu. Nadhani ni mkebe wa miwani. Niliirudia mara kumi na mbili. Usifurahi, bado nauona muziki wenyewe kuwa kibaraka. Lakini mwenye miwani namtaka nimjue.

Namba 88 nilimkabidhi Mkutubi akupe.

Mpwa wako


Kwa mama yako
28 Juni

Mpwa wangu,

Namba 352 niliwahi kuihisi mezani: milio miwili. Mkebe wa miwani haufunguki mara mbili. Hilo ni sanduku la zumari. Sikiliza tena.

Nasikia umeshindwa uchaguzi kwa kura mia moja na tisa. Mama yako analia jikoni. Nimehisi kwenye meza.

Uliniandikia kwamba ulisoma neno kwa neno, bila kituo. Mkutubi aliniita nije kujibu maswali ya kamati kuhusu hifadhi. Nilikaa kiti cha mwisho, kando ya mlango. Hukuniona kwa sababu hukuinua macho. Naambatanisha kadi. Iweke na nyingine.

Mjomba wako


KADI NAMBA 413

Taarifa ya mpwa mbele ya Kamati ya Maktaba.
Muda: dakika nne.
Okestra: hakuna.
Sauti: sikusikia, nimeona.
Kosa: dakika ya pili, msemaji anaangusha karatasi yake sakafuni. Haiokoti. Anaendelea mikono mitupu hadi mwisho.
Hukumu: Inahifadhiwa.